Jina la Bibi Halimo Daftarini

Kila akaaye huku Bashay ameyazoea majina yaanzayo na Gida. Yamo mnadani, yamo katika orodha za vijiji, yamo katika daftari la kila darasa la shule hii. Mgeni akija kutoka Tanga au Lindi huyashangaa siku mbili tatu, kisha naye huyatamka kama mwenyeji. Lakini mwulize mgeni huyo, hata baada ya kukaa nasi mwaka mzima, kama amepata kukutana na msichana ambaye jina lake laanza na Uda. Yamkini atatikisa kichwa. Mimi niliyezaliwa hapa hapa nimelipitia daftari la kidato chetu tangu jina la kwanza hata la mwisho, wala sikuliona hata moja.

Yanipasa kueleza kidogo kwa wale wasiotujua. Sisi Wadatoga (wengine hutuita Wamang'ati, neno la Kimasai lenye maana ya adui, wala si wote tunaofurahi kuitwa hivyo) tuna desturi ya kuonyesha katika jina lenyewe kama mtu ni mume au mke. Gida ni mwanzo wa majina ya kiume. Uda ni mwanzo wa majina ya kike. Watu wa pwani wana jambo linalokaribiana na hilo. Husema Mwanaisha, Mwanajuma, Mwanahamisi, nawe ukisikia Mwana mbele ya jina wajua kwamba anayetajwa ni mwanamke.

Tena Uda si jina la unyonge. Udameselgwa ni jina la nguvu ya kike ambayo mama zetu huitaja katika nyimbo zao za sala. Na Mmarekani mmoja, George Klima, aliyekaa kwa Wabarabaig katika miaka ya 1950 akaandika kitabu juu yao kilichotoka mwaka 1970, alieleza habari za baraza la wanawake liitwalo girgwageda gademga, ambalo liliweza kumhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake na kumtoza ng'ombe. Wanaume wa siku hizo walilipa. Watu wenye baraza la namna hiyo hawawezi kuambiwa kwamba hawakuwajali wanawake wao.

Basi majina ya wanawake hao yamekwenda wapi?

Wengi nikiwauliza hujibu upesi kwamba yaliondolewa na misheni. Kuna ukweli ndani yake. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimtaka padre ahakikishe kwamba mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wasipolileta, yeye aongeze jina la mtakatifu. Ndiyo maana Mbulu nzima imejaa akina Paskalina, Yustina na Emiliana, majina mazuri ambayo sina ugomvi nayo, maana hata langu ni la namna hiyo. Lakini sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1983. Sheria mpya haidai jina la mtakatifu. Yakataza tu jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Mtoto wa leo aweza kubatizwa kwa jina la bibi yake, na padre asiwe na neno. Kwa hiyo tusiitwike misheni mzigo wote.

Tena jibu hilo lina kasoro nyingine. Wavulana nao walibatizwa. Nao walipewa akina Paulo na Yosefu na Emanueli. Mbona Gida haikufa?

Haikufa kwa sababu ya namna tunavyoandikwa. Mtoto wa Tanzania anapoanza shule huandikwa majina matatu, lake, la baba yake na la babu yake, na majina hayo matatu humfuata katika mitihani, katika kitambulisho, katika kazi, hata kaburini. Babu aliyeitwa Gida fulani, ingawa mwanawe alibatizwa Paulo, amesalia katika jina la tatu la mjukuu. Kwa wengine jina la babu limekwisha kuwa jina la ukoo, nalo sasa halitoki tena. Wilhelm Gidabuday, aliyepata kuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Riadha Tanzania, alibeba la kizungu mbele na la Kidatoga nyuma. Wako pia walioliweka mbele kabisa. Gidamis Shahanga alishinda mbio ndefu za marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, akashinda tena mita 10,000 huko Brisbane mwaka 1982, na dunia nzima ililisikia jina lake.

Lakini bibi hamo katika yale majina matatu. Cheti cha kuzaliwa kina mahali pa kuandika jina la mama, ni kweli, lakini likishaandikwa pale halisafiri kwenda kokote. Binti yake hatalichukua, mjukuu hatalichukua. Jina la babu lina watoto wa kulibeba. Jina la bibi hushuka kaburini siku ile ile anayoshuka mwenyewe.

Jirani zetu Wairaqw nao hawakupona. Angalieni ukutani matokeo ya mtihani yanapobandikwa. Tluway, ambalo kwao maana yake ni mvua, na Sulle, na Akonaay, na Massay: hayo yote ni majina ya baba na babu. Ya bibi zao sikuyaona. Nao ndio watu ambao katika mapokeo yao Mungu huitwa Looaa, hutajwa kwa namna ya kike kama mama, na jina lake ndilo jina la jua! Mungu wao ni mama, lakini daftari lao ni la akina baba watupu. Jambo hili hunichekesha na kunisikitisha kwa wakati mmoja.

Sitaki kusema kwamba daftari ndilo kosa pekee. Sisi wasichana wenyewe tuna sehemu yetu. Katika shule ya msingi niliyosoma alikuwako msichana mmoja aliyeandikwa kwa jina la Uda. Wenzake wakamwita Udaku, na mwalimu mmoja, badala ya kuwakemea, alicheka, kisha akamshauri atafute jina jepesi. Muhula uliofuata alirudi akiitwa Neema. Neema ni jina jema, lakini wavulana wenye Gida darasani mle hawakushauriwa na mtu.

Sasa nafika penye ugumu wenyewe, ambapo watu wazima hunishinda kwa hoja. Kwa desturi yetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake wala la wakwe wengine wakubwa. Si jina tu, bali hata maneno ya kawaida yanayofanana nalo kwa sauti huyaacha, akatumia mengine badala yake. Huo ni ufundi mkubwa wa lugha, na anayedhani ni ushamba ajaribu siku moja tu kuzungumza bila kutumia neno lolote linalofanana na jina la mwalimu wake. Mama yangu yuko katika desturi hiyo. Nilipomwuliza jina la bibi mzaa baba, alinyamaza, akamwita shangazi kutoka nje aje anitajie, naye akaenda zake jikoni asilisikie likitajwa. Mimi mwenyewe sitaliandika hapa, maana mama husoma gazeti hili, tena kwa sauti.

Basi husemwa: ukimpa mtoto jina la bibi yake, mama yake atamwitaje? Hoja hii naiheshimu. Lakini mama huyo huyo humtaja baba mkwe wake kila siku bila kulitamka jina lake, na nyumbani hakuna asiyemwelewa. Aliyeweza kuizunguka Gida ya mkwewe hashindwi kuizunguka Uda ya binti yake. Amwite jina la mapenzi nyumbani, na la Uda likae katika cheti na katika daftari, asomewe shuleni na wale wasiokatazwa. Nakiri kwamba wazee wawili nilioongea nao hawakulipenda wazo hili. Mmoja alisema jina lisilotamkwa na mama ni nusu ya jina. Mwingine alitaka kujua kwanza nani amenituma.

Wala siombi amri ya serikali. Mwaka 1972 Rais Mobutu wa Zaire alipiga marufuku majina ya Kikristo, naye mwenyewe akaacha kuitwa Joseph-Désiré. Jina lililoletwa kwa amri huondoka na mwenye amri. Wakongo wengi wamerudia majina yao ya ubatizo. Kuna njia ya upole zaidi. Huko Iceland watu huitwa kwa jina la baba, kama sisi, lakini anayetaka huruhusiwa kuitwa kwa jina la mama. Wapenzi wa mpira wamkumbuke Heiðar Helguson aliyechezea Watford na Fulham. Helguson maana yake ni mwana wa Helga, na Helga ni mwanamke. Hakuna aliyemdharau uwanjani kwa ajili hiyo.

Na jina likishaandikwa huishi. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, na hata leo mtoto wa Kidato cha Tatu aliye mbali na bahari humjua kwa jina. Walikuwako wanawake wengi Pate mwaka ule, wenye majina yao na busara zao. Hatuwajui.

Kwa hiyo nina ombi moja tu, nalo nimekwisha kumweleza Mhariri. Katika toleo la muhula ujao tutengewe ukurasa mmoja, kila mwanafunzi alete jina la bibi yake mzaa baba na la bibi yake mzaa mama, liwe la Kidatoga, la Kiiraqw, la Kinyaturu au la kokote atokako. Walio hai waombwe ruhusa kwanza. Anayeweza aandike na maana yake, na asiyeweza aandike jina tupu. Wenye mama kama wangu wamtafute shangazi. Mhariri amekubali, ila ameonya kwamba tahajia ya Kiiraqw imemshinda tangu zamani, basi kila mmoja aandike kwa herufi kubwa zinazosomeka, akabidhi karatasi yake kwa kiranja wa bweni kabla ya kufunga shule.