Mifupa ya Mama Zetu

Jamaa mmoja wa Ipyana, huko Kyela, atuuliza hivi: mama yake, aliyekwisha kupita miaka 60, aliteleza matopeni wakati wa masika, akajikinga kwa mkono tu, nao ukavunjika kifundoni. Majirani wakanong'ona kuwa amerogwa. Je, ni kweli?

La, ndugu yetu. Usimdhanie mtu vibaya kwa jambo ambalo sababu yake yajulikana.

Mfupa si jiwe, bali ni kitu kilicho hai. Ndani yake mna chembe zinazobomoa mfupa mkongwe, na nyingine zinazojenga mpya. Mwenye kuzisawazisha kazi hizo mbili ni estrojeni, homoni itokayo hasa katika vifuko vya mayai vya mwanamke. Hiyo husafiri katika damu kama mjumbe. Lakini mjumbe akipiga hodi pasipo wa kumpokea, ujumbe haufiki. Mwaka 1988 wataalamu walionyesha kuwa chembe za mfupa zenyewe zina vipokezi vya homoni hiyo. Kipokezi kikiisha kuipokea, umri wa chembe zinazobomoa hufupishwa, na wa zile zinazojenga hurefushwa. Hedhi ikikoma, yapata miaka 50, mjumbe huadimika, na ubomoaji huushinda ujenzi. Mfupa hudhoofika kimyakimya, bila ya maumivu, hata siku ya kuanguka.

Wala wanaume wasijione wamesalimika. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 28, mwenye urefu wa sentimita 204, naye angali akirefuka. Estrojeni alikuwa nayo tele, lakini vipokezi vyake vilikuwa na kasoro ya kuzaliwa, na mifupa yake ilikuwa dhaifu. Ndipo ilipobainika kuwa mfupa wa mwanamume nao huihitaji homoni hiyo, ambayo mwili wake huifanya kwa kiasi kidogo. Nasi twakumbuka kuwa Nabii Zakaria, alipomlalamikia Mola wake uzee, alianza kwa kutaja mifupa.

Basi enyi vijana, wekeni akiba mapema, kwani mfupa hujengwa zaidi kabla ya miaka 30. Kuleni usipa wa ziwani pamoja na miiba yake, maziwa na mboga za majani. Tembeeni, na mwili upate jua. Nanyi wenye wazazi wazee, msiwatwike ndoo za maji, wala msiache ua wenu uwe na utelezi. Mzee akivunjika kwa kuanguka kudogo, au mgongo wake ukipinda, apelekwe kwa daktari. Dawa za kuzuia mfupa usizidi kupungua zipo.

Na jirani aliyetuhumiwa? Mwendeeni, mkamwombe radhi. Wabillahi tawfiq.