Wagonjwa wa figo tusiwadhuru kwa zawadi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu vitafunio tunavyowapelekea wagonjwa wa figo.

Sisi ni watu wa kuoneana huruma, na mgonjwa haendewi mikono mitupu. Mdogo wangu alipokuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mgeni alifika na ndizi mbivu, machungwa au madafu, ati dafu husafisha figo. Jumapili moja alikunywa madafu mawili na kula ndizi juu yake. Usiku mwili ulimlegea, moyo ukapiga ovyo, tukamkimbiza hospitali. Daktari alisema potasiamu imezidi katika damu. Alipona, lakini msiba tulikuwa tumeukaribia.

Potasiamu ni madini yaliyomo katika vyakula vingi. Figo nzima huyatoa kwa mkojo. Figo iliyochoka hushindwa, yakabaki katika damu na yanaweza kuusimamisha moyo. Madini hayo yamejaa katika madafu, ndizi, machungwa, maparachichi, karanga na korosho. Vitafunio vya chumvi navyo huleta kiu, mgonjwa akanywa maji kupita kiasi alichopimiwa, mwili ukavimba. Tena tujihadhari na chumvi zinazosifiwa kuwa ni za wenye presha, kwani nyingine zimetengenezwa kwa potasiamu. Na achari ya mbirimbi, tunayoipenda sana huku pwani, mgonjwa wa figo aiache, maana mbirimbi ina asidi inayoziumiza figo.

Sisemi mgonjwa afe njaa. Mpelekee tufaha moja, vipande vichache vya nanasi, bisi zisizo na chumvi, au mkate mweupe. Akitamani muhogo, umenywe, ukatwe vipande vidogo, uchemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe, potasiamu hupungua. Hata hivyo ale kidogo, na kwanza aulizwe daktari, kwa sababu wagonjwa hawalingani na wengine wana kisukari pia.

Lawama yangu ni hii. Karatasi ya ushauri tuliyopewa hospitalini ilikuwa ya Kiingereza, imejaa majina ya matunda ambayo sijapata kuyaona sokoni. Dafu halikutajwa, wala muhogo, wala korosho. Mama yetu, ambaye ndiye mpishi, hakuambulia kitu. Tangu mwaka 2017 wataalamu wetu wanapandikiza figo hapa hapa nchini, pale Muhimbili. Je, kazi ngumu kama hiyo tumeiweza, tushindwe kuchapa ukurasa mmoja wa Kiswahili?

Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe kila kituo cha kusafisha damu kinatoa karatasi ya Kiswahili yenye vyakula vya masoko yetu, na nyingine ibandikwe mlangoni wageni waisome. Nasi wananchi tuulize kwanza kabla ya kununua.

Wahusika mnasemaje?

Msomaji wako,
Tanga.