Kadi za harusi zikimaliziwa nyumbani, bajeti inapumua

Kamati ya harusi inapokaa kupanga bajeti, mjadala mkali huwa kwenye ukumbi, chakula na vinywaji. Kadi za mwaliko hupitishwa kwa dakika chache kwa sababu bei ya kadi moja huonekana ndogo. Maumivu huja inapozidishwa mara 200.

Chukulia duka la uchapaji linatoza Sh3,000 kwa kadi iliyokamilika, yaani imekunjwa, imefungwa riboni na kutiwa kwenye bahasha. Ikiwa imechapwa na kukatwa tu, ni Sh1,500. Kwa kadi 200, tofauti ni Sh300,000. Hata bahasha, riboni na gundi vikichukua Sh100,000, wanandoa watarajiwa wanabakiwa na Sh200,000 za kununulia vyombo vya kuanzia maisha.

Jambo la msingi ni kutenganisha kazi ya mashine na kazi ya mikono. Kuchapa na kukata waachiwe wenye mashine, kwani mkasi wa nyumbani hupinda na kadi hazitalingana. Kukunja, kufunga riboni, kutia kwenye bahasha na kuandika majina hakuhitaji fundi.

Kabla ya kununua chochote, hesabu ifanyike. Karatasi moja ngumu ya A4 hutoa kadi mbili za kukunja, hivyo kadi 200 zinahitaji karatasi 100. Kadi ikikunjwa inakuwa saizi ya A6, na bahasha yake ni C6. Riboni ya sentimita 50 inatosha kadi moja. Roli la yadi 25 hutoa vipande 45, hivyo yanahitajika matano. Kadi na bahasha 20 za ziada ziwepo, maana makosa hayakosekani.

Karatasi ngumu ikikunjwa kwa vidole tu hupasuka kwenye mkunjo. Kwanza ipigwe mstari kwa rula na kalamu iliyokwisha wino, ndipo ikunjwe. Gundi ya maji nayo hukunjamanisha karatasi. Gundi ya kijiti au ya utepe wenye gundi pande mbili ni salama zaidi.

Sampuli isomwe na watu wawili ambao hawakuandika maneno hayo. Waangalie kama siku inalingana na tarehe, na namba za simu zilizomo zipigwe. Kosa likigundulika baada ya kuchapa, akiba yote imepotea.

Kazi yenyewe isiachiwe bibi harusi peke yake usiku. Kadi moja ikichukua dakika tatu, kadi 200 ni saa 10. Watu watano wakikaa mezani Jumamosi mchana, kila mmoja na hatua yake, wanamaliza kwa saa mbili. Shangazi mwenye mwandiko mzuri aandike majina, na wadogo wakate riboni.

Faida nyingine iko kwenye majina. Katika harusi nyingi za mjini, kadi ndiyo tiketi ya mlangoni, na huandikwa 'single' au 'double' kulingana na mchango. Michango mingine huingia wiki ya mwisho. Nafasi hiyo ikiachwa wazi, kamati huijaza kadiri fedha zinavyoingia, bila kurudi dukani.

Hata hivyo, si kila kadi inafaa kumaliziwa nyumbani. Yenye maua ya kubandika, lulu na matabaka matatu ya karatasi hula muda na vifaa hadi akiba inayeyuka. Kama harusi imebaki wiki mbili, ni afadhali kuchagua kadi rahisi isiyokunjwa.

Mgeni husoma kadi, huionyesha mlangoni, kisha huiweka kabatini. Deni la kadi hiyo hubaki kwa waliooana.