"Mtandao Unasumbua": Kosa Lisilo na Mwenyewe

Ipo sentensi moja ambayo kila mkazi wa Mwanza ameisikia, awe kwenye dirisha la benki, mapokezi ya hospitali au sebuleni kwake: "Mtandao unasumbua." Ikishatamkwa, mazungumzo yamekwisha. Aliyefuata huduma hugeuka na kuondoka, mwanafunzi hufunga kompyuta yake, na hakuna anayeuliza swali la pili. Tunaipokea kama tunavyopokea mvua ya ziwani, jambo lisilo na mhusika. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba sentensi hiyo inaficha makosa ya aina nne, yenye wahusika wanne tofauti. Raia asiyejua kuyatofautisha huyalipia yote manne kutoka mfukoni mwake.

Msomaji asidhani kwamba hili ni suala la mafundi peke yao. Leo maombi ya mkopo wa elimu ya juu, maombi ya ajira serikalini na usaili wa kazi hupita kwenye kompyuta, mara nyingi ile ya nyumbani. Mhitimu mmoja niliyemfundisha, mkazi wa Buhongwa, alifanyiwa usaili kwa njia ya video. Waliomsaili walimwona akisogeza midomo lakini hawakumsikia. Baada ya dakika chache walimshukuru na kumwita anayefuata. Baadaye iligundulika kwamba visikizi vyake visivyo na waya vilikuwa vimejiunganisha na simu ya mdogo wake, aliyekuwa chumba cha pili. Intaneti ilikuwa nzima kabisa, lakini aliyeonekana kuwa hakujiandaa ni binti wa watu.

Hilo ndilo kosa la aina ya kwanza: kosa la kifaa. Visikizi vya Bluetooth hukumbuka simu vilizowahi kuunganishwa nazo, na vikiwashwa huitafuta iliyo karibu. Dawa yake ni kuzima Bluetooth ya simu nyingine, au kukifuta kifaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kukiunganisha upya. Kipanya kinachorukaruka nacho kianzie kwenye betri. Betri ikiwa nzima, tazama mahali kipokezi chake kidogo kilipochomekwa. Kampuni ya Intel ilionyesha mwaka 2012 kwamba matundu ya USB 3.0, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya buluu, hutoa kelele za redio zinazovuruga vifaa vya masafa ya gigahezi 2.4, na vipanya vingi visivyo na waya hutumia masafa hayohayo. Kukihamishia kipokezi kwenye tundu jingine, au kukiweka mbali kidogo kwa waya wa kuongezea, hutosha mara nyingi. Ni kazi ya dakika mbili isiyo na gharama. Hata hivyo, ni vipanya vingapi vizima vimetupwa, vikanunuliwa vingine?

Kosa la pili ni la nyumba yenyewe. Mji wetu umejengwa juu ya mawe na katikati ya mawe. Anayeishi Mabatini, Igogo au kwenye miteremko ya Bugando anajua kwamba nyumba inaweza kuuona mnara wa simu kwa dirisha la mbele, na nyuma yake kukawa na jabali lisilopitisha kitu. Ruta inayotumia laini ya simu ikiwekwa upande wa jabali itahangaika, hata kama bando limejaa. Ikifungiwa nyuma ya kabati la chuma au jokofu, vyumba vya ndani vitabaki gizani. Tena, Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4 hugombania njia na ruta za majirani, Bluetooth na hata oveni ya maikrowevu. Ile ya gigahezi 5 ina njia pana zaidi, lakini huchoka haraka mbele ya kuta.

Jirani yangu aliambiwa na muuza duka kwamba ruta yake "imekufa" na anunue nyingine. Tuliichomeka kompyuta yake kwenye ruta hiyo kwa waya, na kurasa zikafunguka papo hapo. Kipimo hicho kimoja kilimaliza ubishi. Kama waya unafanya kazi na Wi-Fi inasuasua, tatizo liko kati ya ruta na kompyuta, wala si kwa kampuni, wala ruta haijafa. Tuliitoa nyuma ya jokofu, tukaiweka juu ya rafu karibu na dirisha. Bado anaitumia.

Sasa tutoke nje ya nyumba. Ikiwa hata kwa waya hakuna kitu, vifaa vyote vya nyumbani vimekwama, na simu yenye laini ya kampuni nyingine inafungua kurasa bila shida, basi kosa la tatu limejitambulisha: ni la mtoa huduma. Hapo ndipo maarifa haya yanapogeuka kuwa haki. Sheria ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda pia Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, na utaratibu wa malalamiko uko wazi: unaanza kwa mtoa huduma, usiporidhika unakwenda TCRA. Lakini mlalamikaji anayesema tu "mtandao unasumbua" ataambiwa azime ruta na kuiwasha. Anayesema, "Tangu saa mbili usiku vifaa vitatu vimekwama, kwa waya na bila waya, na laini ya kampuni nyingine inafanya kazi palepale," amemfungia mwenzake njia ya kukwepa.

Kosa la nne liko mbali zaidi. Sehemu kubwa ya intaneti ya Mwanza husafiri zaidi ya kilomita 1,000 ardhini hadi Dar es Salaam, kisha huingia baharini kwenye mikongo kama Seacom, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy ya mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Nape Nnauye, aliyekuwa waziri mwenye dhamana, alitoa taarifa kwamba tatizo lilikuwa kwenye mkongo wa baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Ilikuwa adha, lakini mtu wa Nyegezi aliyeisikia taarifa ile aliacha kuifungua ruta yake bure.

Linganisha na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchi nzima hadi ilipoanza kurejea mwanzoni mwa Novemba. Taa ya ruta haiwezi kutofautisha mkongo uliokatika na huduma iliyozimwa kwa uamuzi wa binadamu. Zote mbili huwaka nyekundu ileile. Bando la siku saba huendelea kuhesabu siku zake, na mwenye kibanda cha kuchapisha kazi za wanafunzi hufunga mlango akiwa hana wa kumdai. Tofauti kati ya ajali na uamuzi haionekani kwa mtumiaji isipokuwa aambiwe, na ndiyo maana kuambiwa ni haki yake.

Mambo mawili, basi, yanadaiwa. La kwanza linatuhusu sisi wenyewe: tujifunze, na tuwafundishe watoto shuleni na nyumbani, kulitafuta kosa kwa mpangilio, kuanzia mkononi kwenda nje. Kifaa, nyumba, mtoa huduma, kisha njia kuu. Tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, tupime, ndipo tulaumu. La pili linawahusu wenye dhamana: huduma ikikatika, mteja aelezwe kwa ujumbe mfupi wa simu iko wapi hitilafu na imesababishwa na nini. Ujumbe mfupi hauhitaji intaneti. Na siku alizolipia bila kuhudumiwa arudishiwe, bila kuandika barua ya kuomba.

Wenye mamlaka hawatakuwa na haraka ya kutimiza la pili ikiwa sisi hatujui la kwanza. Raia anayeweza kuthibitisha kwamba ruta yake ni nzima hawezi kunyamazishwa kwa sentensi isiyo na mwenyewe. Atakapoambiwa tena kwamba mtandao unasumbua, atauliza kwa utulivu: unasumbua wapi, na nani anawajibika?