Kumtembeza Rafiki Katika Mji wa Sumbawanga

Mji wa Sumbawanga u katika uwanda wa juu wa Ufipa, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mwaka 1974 Mkoa wa Rukwa ulianzishwa, na Sumbawanga ukawa mji wake mkuu. Watu wengi wa sehemu nyingine wamehamia huko: walimu, madaktari, makarani na wafanyi biashara. Wengi wao wamejenga na kuzaa watoto, na mji umekuwa kwao. Basi mara kwa mara mtu wa namna hii hutembelewa na rafiki yake wa zamani, labda kutoka Tanga au Mwanza, naye hutaka kutembezwa. Kazi hiyo yaonekana ndogo, lakini si ndogo. Maana mgeni atakaporudi kwao atausimulia mji kama alivyoonyeshwa.

Kuna kosa moja ambalo waongozi wengi hulifanya. Mgeni akiisha kufika huuliza habari za wachawi, kwa kuwa amesikia maneno mengi njiani. Mwenyeji wake hucheka, kisha huongeza hadithi zake ili amtishe. Mzaha huo haufai. Kwanza, jina la mji lasema kinyume: kwa Kifipa “sumba” ni kutupa, na “wanga” ni uchawi, yaani, “tupa uchawi”. Pili, uvumi huleta madhara. Katika sehemu kadhaa za Tanzania wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa tu. Wengine walishukiwa kwa sababu ya macho mekundu, kumbe ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Aenezaye uvumi hakushika panga, walakini amemtia nguvu aliyelishika. Tena mtu aliyepokewa vema na majirani, akiwasingizia mbele ya wageni, amewalipa ubaya kwa wema.

Basi amwonyeshe rafiki yake nini? Amwonyeshe kazi za watu. Ampeleke sokoni akaone mahindi, maharagwe na ulezi wa uwandani, pamoja na migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Kisha watoke mashambani. Ufipa ni nchi ya majani mengi na miti michache, kwa hiyo tangu kale wakulima wake hawakutegemea majivu ya miti kurutubisha ardhi. Hulima majani pamoja na udongo na kuyafukia katika matuta ya mviringo yaitwayo ntumba. Majani huoza na kuwa mbolea. Mwaka ufuatao matuta huvunjwa, na ulezi hupandwa. Hiyo ni elimu, ijapokuwa haikuandikwa kitabuni.

Kadhalika amweleze habari za wahunzi wa Ufipa. Walijenga matanuru ya udongo, marefu kuliko mtu, yenye matundu chini ya kuingizia upepo, wakayeyusha mawe ya chuma pasipo kutumia mivukuto. Kisha walikisafisha chuma kile katika tanuru dogo lenye mivukuto, wakafua majembe. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, lakini mabaki ya matanuru yangaliko mahali mahali.

Mwisho wapande milima ya Mbizi, karibu na mji, penye msitu wa mbega wekundu. Ng’ambo ya milima hiyo nchi huporomoka kwa ghafula hata bonde la Ziwa Rukwa, ambalo maji yake yako karibu mita 800 tu juu ya usawa wa bahari. Mgeni aliyetetemeka kwa baridi mjini ataona chini yake nchi ya joto.

Huenda mtu akasema, “Mhamiaji hawezi kuonyesha mji usio wa baba zake.” Neno hilo lina kweli kidogo, wala si kweli yote. Mhamiaji angali akumbuka mambo yaliyomshangaza siku za kwanza, ambayo mzaliwa wa mji hayaoni tena kwa kuyazoea. Upungufu wake ni mmoja: hajui mambo ya kale. Dawa yake ni kuuliza. Amchukue rafiki yake kwa mzee wa jirani, wampe shikamoo, wakae wasikilize. Huenda wakasikia masimulizi ya wanawake watatu wageni waliofika Milansi hapo kale, ambao uzao wao ndio ukoo wa Watwa, waliotawala Ufipa. Kumbe nchi hiyo haikuanza jana kupokea wageni!

Nanyi wanafunzi, baadhi yenu mtakaa katika miji ya ugenini mtakapokuwa watu wazima. Jifunzeni mapema majina ya majirani, kazi zao na maneno machache ya lugha yao. Rafiki akija, mtakuwa na mengi ya kumwonyesha, wala hamtahitaji kumchekesha kwa kuwatukana waliowapokea.