Kufutwa kazi si kifungo cha maisha

Haya jamani, leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina hasira.

Hapa Kawangware 46, kijana akifutwa kazi kwa utovu wa nidhamu, habari humtangulia kila anakobisha hodi. Meneja humpigia mwenzake simu, au jina linaingia kwenye orodha ya WhatsApp, basi, amekwisha. Sisi watu wa kompyuta tunajua data ya namna hiyo ni takataka: haina ushahidi, haina utetezi, na hakuna wa kuisahihisha.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri akusikilize kabla ya kukufuta. Kifungu cha 51 kinamtaka akupe cheti cha utumishi ikiwa umefanya kazi wiki 4 au zaidi. Cheti hutaja kazi yako, siku uliyoanza na siku uliyoacha. Sheria haikitaki kitaje kosa. Akikunyima makusudi, faini ni hadi shilingi 100,000, au jela hadi miezi 6, au vyote viwili.

"Lakini aliiba!" Kama aliiba, polisi wapo na korti ipo. WhatsApp si hakimu.

Wewe uliyefutwa: dai cheti chako, usidanganye kwenye CV, na ukiulizwa, sema ukweli kwa sentensi mbili. Nanyi waajiri, futeni hizo orodha. Hata mfungwa huambiwa siku ya kutoka. Huyu mmemfunga bila tarehe.

Asiyekubaliana nami aje tubishane.