Zaka na WAVIU washauri

Januari 20, 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Dawa za ARV baadaye ziliruhusiwa, lakini katika nchi nyingi za Afrika kazi za mitaani zilikatika. Tunaona pigo kubwa liko kwa WAVIU washauri, wanaoishi na virusi na kumfuata mwenzao aliyeacha dozi mpaka mlangoni. “Dada yangu, mimi mwaka wa kumi huu nazimeza.” Daktari hana neno hilo.

Tumeulizwa: mshauri aliyekosa posho apewe zaka? Akiwa fakiri au maskini, ndiyo. Yumo katika makundi manane ya Suratut-Tawba, aya ya 60. Asiyekuwa hivyo, nauli yake itoke kwenye sadaka. Na kamati ya msikiti isimtake ataje anaowatembelea. Hiyo ni amana.